Nilivyomfungisha Mtani Wangu

Mimi shule niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza. Tulipofika kwenye hesabu za desimali nikaona bora nikachunge ng'ombe za baba, maana ng'ombe akizidi mmoja unamwona kwa macho. Kwa hiyo usinitegemee kwenye mambo makubwa ya vita ile, nani alianza na ramani ilikuwaje. Vita ilikuwa Kagera, juu kabisa ya nchi, mimi nilikuwa Nyololo pembeni ya barabara kuu, na Kagera mpaka leo sijafika. Ninachokijua mimi ni woga. Huo niliusoma mpaka nikafaulu.

Ulitufikia kwa redio. Redio ilisema askari wa nduli, yule dikteta wa nchi jirani, wameingia, wameikalia ardhi yetu, wanalala kwenye nyumba za watu na kuchinja ng'ombe za watu. Habari hizo tulizisikilizia kwenye baraza ya fundi redio, kwa sababu redio nzima pale kwetu zilikuwa za kuhesabu, na mbovu zote zilikuwa kwake. Fundi mwenyewe alikuwa Mngoni wa Songea, kahamia kwetu miaka mitano sita hivi, kaoa mwanamke wa Kibena. Milima ya kwetu inakata mawimbi, basi yeye alisimamisha mwanzi mrefu nyuma ya nyumba, juu yake akafunga waya, waya ukashuka mpaka dirishani. Ikikaribia saa ya taarifa ya habari watu tunajaa pale barazani, wengine tumepanda kwenye magunia ya viazi, na fundi anazungusha kile kinobu kwa vidole viwili kama mganga anapapasa tumbo. "Nyamazeni," anasema, "nduli anakohoa."

Mimi ni Mhehe. Mhehe na Mngoni ni watani, hilo hata mtoto anajua. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, hakuna aliyemshinda mwenzake, wakaona njia iliyobaki ni kutukanana. Basi mimi na fundi tulikuwa tunaendeleza kazi ya mababu. Nikipita asubuhi hata salamu hakuna, fundi ananianza yeye.

"Wewe mla mbwa! Yule wa jirani simsikii akibweka leo, umemtia nyanya au umemchoma?"

"Nimemchoma, nimekuwekea mkia. Ila najua nyie mkishashiba panya hamna nafasi."

Wageni waliokuwa wakishuka kwenye basi wanashtuka, wanadhani watu watapigana. Wenyeji wanacheka. Mke wake naye anatokea dirishani kuchochea. Ilikuwa hivyo kila siku, na siku nisipotukanwa nilikuwa najisikia kama sijanawa uso.

Baada ya ile habari ya Kagera nikaandikishwa mgambo. Msinipigie makofi, kila mwenye miguu miwili aliandikishwa. Bunduki tulichonga wenyewe kwa mbao. Yangu niliichonga vibaya, mtutu ukapinda, wenzangu wakasema ile ni ya kupigia adui aliyejificha kwenye kona. Kamanda wetu alikuwa askari mstaafu, Msukuma, ndugu zake walishatelemka na ng'ombe zao mpaka bonde la Usangu, yeye mwenyewe akabaki huku juu kwa sababu ya mke. Mtu mkubwa, sauti yake ukiisikia ng'ambo ya shamba unajikuta umesimama mguu sawa. Kazi yetu ilikuwa kulinda lile bomba la mafuta linalokwenda Zambia, na kuweka kizuizi barabarani, na kuuliza watu barua.

Hapo ndipo woga ulipoanza kutembea na miguu. Kila mtu usiyemjua alikuwa mpelelezi. Mzee mmoja alikamatwa anauliza njia ya kwenda Igowole, hana barua ya balozi wake wa nyumba kumi, tukamkalisha juani tangu asubuhi mpaka alasiri, kumbe anakwenda kupokea posa ya binti yake. Mwingine alikutwa anaangalia sana bomba. Kumbe alikuwa anajisaidia, sasa mtu akijisaidia ataangalia wapi? Tulicheka baadaye. Wakati ule hatukucheka. Zilikuwa zikipita lori zimejaa askari, zinakwenda upande wa Iringa, na wanawake walikuwa wakisimama barabarani kuzitazama mpaka zinapotea, halafu wanarudi jikoni. Watu walikuwa wakichukuliwa pia. Ungesikia fulani kapelekwa, hujui wapi. Ukiuliza sana na wewe unaonekana una jambo.

Mvua za kwanza zikaja, mianzi ikaanza kutoa. Alasiri moja nikawa kilabuni, nimeshika kopo langu la ulanzi, pombe ya mianzi, ule mtamu wa siku hiyo hiyo, usiokuwa na madhara yoyote, nasema hivi ili ujue sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ningekuwa na cha kujitetea. Fundi akaingia na redio ndogo kwapani, ya mteja. Watu wakampisha. Akanitazama pale nilipo na bunduki yangu ya mbao.

"Jamani," akasema, "nchi imekwisha. Kama huyu ndiye anatulinda, nduli aje tu, tumpikie."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nami nikasimama juu ya benchi. Nikamwonyesha kidole.

"Mwacheni aseme! Mnadhani ule mwanzi nyuma ya nyumba yake ni wa kusikilizia taarifa ya habari? Ni simu ile! Kila saa kumi anampigia nduli, anamwambia bomba lilipo na saa tunayokwenda kula ugali. Na analipwa kwa panya, gunia zima, wanashushwa kwa ndege!"

Kilabu kizima kilipiga meza. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akaiweka redio chini isimdondoke. Akasema, "Eeh, na nimemwambia aanze na wewe, maana mtutu wako umepinda." Tukanywa. Tukaenda nyumbani. Nililala vizuri sana, naomba ijulikane.

Siku ya tatu kamanda akatupanga mstari asubuhi, watu kumi. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipokata kona ya kinu cha kusaga nikajua. Tukaizunguka nyumba ya fundi. Alikuwa barazani, kifua wazi, anapasha kile chuma chake cha kulehemu kwenye mkaa. Akaniona. Akacheka.

"Mla mbwa, leo mmekuja na ukoo mzima? Mbwa mwenyewe ni mmoja tu humu."

Hakuna aliyecheka. Kamanda akamwambia aweke chuma chini. Wakaushusha mwanzi, wakauvunja vipande viwili uweze kuingia kwenye gari. Wakatoa ndani waya, betri, vioo vya redio, matumbo ya redio za watu, wakavipanga uani juu ya mkeka, na kweli, vilivyopangwa vile, hata mimi nilianza kumwogopa. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Fundi akawa ananitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme. Ilitakiwa neno moja tu, "Kamanda, ule ulikuwa utani," maneno manne basi, nilishayapanga mdomoni. Halafu nikamwangalia kamanda, nikayameza yote manne.

Wakamfunga mikono kwa waya wake mwenyewe. Gari likaondoka.

Jioni kukaitwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akasimama akasema adui ana macho lakini na sisi tunayo macho, na kuna kijana mmoja wa mgambo amekuwa macho ya raia, asimame tumwone. Nikasukumwa mgongoni. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu kuliko wote ni wale wale waliokuwa kilabuni siku ile, waliopiga meza. Niliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa anaangalia viganja vyake.

Baada ya mkutano nikamfuata mwenyekiti. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, ule ulikuwa utani."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mimi ni Mhehe kama wewe, nitaachaje kujua? Balozi aliyeniletea habari naye alijua. Kamanda nilimweleza kabisa, nikamwambia hawa ni watani. Akasema Wasukuma nao wana watani wao, anajua utani ni nini."

"Sasa?"

"Sasa wewe fikiri. Mimi nimeletewa taarifa kwamba kuna mtu anatoa habari za bomba. Nikiikalia, halafu kesho bomba likalipuka lenyewe, hata kwa radi, nani atakumbukwa? Nikaona niipeleke mbele, huko wana akili zaidi, wataitupa. Kamanda naye akaona hivyo hivyo." Akashusha pumzi. "Kumbe kila mmoja alikuwa anamngoja wa mbele."

Nikakaa siku mbili. Nilikuwa mzima lakini chakula hakipiti. Nikisikia gari naingia bandani. Mke wangu akaniuliza kama ninaumwa, nikasema mgongo.

Asubuhi ya siku ya tatu nikafungua mlango nikamkuta mke wa fundi amekaa chini kwenye kizingiti. Hakuwa analia. Ningependa angekuwa analia.

"Kamwene, shemeji," akanisalimu.

"Kamwene."

"Nimekwenda Mafinga, wakasema hayupo, niulize Iringa. Iringa wakasema mambo ya bomba na reli yako Mbeya. Nauli ya kufika Mbeya sina. Na nikifika nitasema nini? Mimi ni mke wake, mke kila siku anasema mume wake mwema. Wewe ndiye uliyesema. Wewe ndiye unaweza kusema hukusema."

"Shemeji, wataniweka ndani."

"Basi mtakuwa wawili. Atapata wa kumtukana."

Hakutabasamu. Akanyanyuka, akapangusa vumbi kwenye kitenge, akaondoka. Nikabaki nimeshika komeo la mlango.

Kusafiri wakati ule lazima barua. Nikamrudia mwenyekiti. Akachukua kalamu, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Niandike unakwenda kufanya nini?"

"Kueleza kwamba nilikuwa natania."

"Nikigonga mhuri hapo nimesema nilipeleka utani serikalini." Akafikiri. "Una mgonjwa Mbeya?"

"Sina."

"Sasa unaye," akasema, akaandika ninakwenda kumwona mgonjwa, akagonga mhuri.

Basi mimi mlinda kizuizi, mwenye kuuliza watu barua, nikapanda basi na barua ya uongo. Kila kizuizi nilikijua namna kinavyofanya kazi, ndiyo ubaya wake. Makambako akaingia mgambo mmoja mwembamba, ana jasho, na yeye bunduki yake ya mbao. Akasoma barua yangu akiwa ameigeuza juu chini. Sikumcheka. Nilimwona mkubwa kama mlima. Akaniuliza mgonjwa anaumwa nini, nikasema tumbo. Kizuizi cha pili nikasema kichwa. Tulipofika Chimala, pale unapoona Usangu imelala chini kama mkeka, ng'ombe na vumbi mpaka macho yanachoka, mgonjwa wangu alikuwa na kifua, miguu na degedege, na nilikuwa nimeanza kumwonea huruma kwa kweli.

Mbeya baridi na ukungu. Nikauliza watu, kila ninayemuuliza ananitazama kwanza viatu halafu uso, halafu anasema hajui. Mwisho mama mmoja muuza ndizi akanionyesha kwa kidevu, bila kunyoosha mkono, nyumba moja nyeupe haina kibao. Nilipita mbele ya ile nyumba mara tatu. Mara ya nne askari wa mlangoni akaniita mwenyewe.

"Wewe, unatafuta nini hapa?"

"Nilikuwa napita."

"Mara nne?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Ningependa kuandika kwamba niliingia kwa ushujaa.

Niliyemkuta ndani alikuwa afisa mmoja wa makamo, suti ya Kaunda ya kijivu, Kiswahili cha pwani, laini, kila neno limepigwa pasi. Akaniambia nikae. Akaniagizia chai. Ile chai ndiyo iliyonitisha kuliko yote, kwa sababu hatukuwa tunajuana. Akasoma barua yangu.

"Unakwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa ni nani, ndugu?"

"Ni mimi, mzee."

Nikamwaga yote. Kilabu, mwanzi, simu, panya wa ndege. Nilisema haraka, nikichanganya na Kihehe mahali ambapo Kiswahili kiligoma. Nilipomaliza akafungua faili, akatoa karatasi.

"Kwa hiyo wewe ndiye chanzo cha taarifa hii."

"Ndiyo, mzee."

"Na sasa unasema ni uongo."

"Si uongo, mzee. Ni utani."

"Tofauti yake nini?"

Swali la darasa la pili, na mimi wa la sita nikabahatisha. Nikasema, "Uongo unataka mtu auamini."

Akaandika. Sikujua kama ni vizuri au vibaya.

"Na kwa nini umtanie huyu, usimtanie jirani yako mwingine?"

"Kwa sababu mimi Mhehe, yeye Mngoni."

Akaweka kalamu chini taratibu. "Ndugu. Nchi iko vitani. Watu wa makabila yote wanakufa pamoja kule mbele. Chama kimekataza ukabila. Na wewe umesafiri kutoka Nyololo na barua ya uongo kuja kuniambia umemsingizia raia kwa sababu ya kabila lake?"

Sikuwa nimeliangalia upande huo. Sasa nilikuwa na makosa matatu, na nilikuja nikiwa na moja. Nikasema utani si chuki, ni udugu, mtani ndiye anayekuja msibani kwako kukuchekesha, mtani hawezi kukukasirikia. Akasema anajua, yeye mwenyewe ana watani, lakini watani wake hawajawahi kumtaja kwenye faili. Halafu akamwambia askari, "Mlete."

Fundi akaletwa. Peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda wamechukua. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, sikuuliza kwa nini, na yeye hakusema, na afisa hakuangalia upande ule. Alikuwa na alama za waya kwenye vifundo vya mikono. Akasimama karibu na kabati, akiangalia sakafu.

"Haya," afisa akaniambia. "Mnasema ni watani. Mtanie."

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimtukana mkunga. Hakikutoka kitu. Nilitafuta panya, nikatafuta Songea, vyote vimekimbia. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga. Askari wa mlangoni akabadilisha mguu. Nilisikia machozi yanakuja, nikawaza, Mungu wangu, nitalia, na nikilia tu huyu mtu hatoki humu, na mimi sitoki.

"Hawezi," afisa akasema, akaandika. "Na wewe? Huyu ni mtani wako?"

Fundi akainua uso. Akaniangalia kuanzia viatuni.

"Simjui huyu, mzee."

Moyo wangu ulisimama. Sisemi kwa mapambo, nilisikia nafasi mahali ulipokuwa unapiga.

"Humjui?"

"Nyololo namjua Mhehe mmoja," fundi akasema polepole, mdomo uliovimba unamsumbua. "Ana mdomo mkubwa kuliko akili. Lakini yule hawezi kuwa huyu. Yule kufika Mbeya peke yake hawezi. Njiani kuna mbwa wengi, angekuwa bado yuko Igawa anakula."

Askari wa mlangoni alipasuka. Akajaribu kuukohoa mcheko ule, ukamshinda, akageukia ukuta. Afisa aliuma midomo, akainamisha kichwa kwenye faili, mabega yanamtikisika. Mimi nami nikacheka, kicheko kikatoka na machozi pamoja na kamasi. Humo ndani tulicheka watu watatu. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika suruali yake, anaangalia sakafu tena.

Afisa akajifuta macho kwa leso. Baada ya hapo akawa mtu mwingine, au tuseme akarudi kuwa yule yule.

"Mimi nimecheka," akasema. "Karatasi haicheki. Imeandikwa hapa kuna taarifa ya hatari, imepita kwenye mikono ya watu wanne, wote wamesaini. Siwezi kuandika kwamba wote wanne ni wajinga. Lazima awepo mmoja." Akanisogezea kalamu. "Wewe andika kwa mkono wako kwamba ulitoa taarifa isiyo ya kweli. Yeye atakwenda nyumbani leo. Wewe utabaki."

"Mpaka lini, mzee?"

"Hilo usiniulize."

Niliandika. Herufi zangu zilikuwa zinapanda mlima. Fundi alirudishiwa mkanda akauvaa mbele yetu, taratibu, tundu moja ndani ya pale alipozoea. Alipopita karibu yangu nilingoja. Nilikuwa nangoja tusi, hata dogo, la kuingia nalo ndani. Akapita.

Nilikaa siku tisa. Hawakunipiga. Waliniuliza yale yale kila siku, watu tofauti, na mimi nikajibu yale yale, mpaka mwisho na mimi nikaanza kushangaa kama kweli ule mwanzi ulikuwa mwanzi tu. Hapo ndipo nilipoogopa nafsi yangu mwenyewe. Walikuwepo wengine mle ndani, watu wa Usangu wawili waliokamatwa na ng'ombe karibu na reli, na mwalimu mmoja asiyesema kitu. Sikuwatania. Siku tisa, bila neno moja la mzaha. Waliponitoa nilidhani wananihamishia pabaya zaidi, nikajishikilia kwenye mlango, askari akanibandua vidole huku ananiambia, "Nenda kwenu, bwana, nenda kwenu."

Kwenye basi ya kurudi ndiyo ulimi ukafunguka. Kutoka Mbeya mpaka Nyololo nilikuwa napanga. Nilipanga matusi ya kumlipa fundi kwa lile la Igawa, maana lilikuwa zuri, lazima ukubali, na mtani akikupiga moja unamrudishia mawili. Nilipanga la Songea, la mkanda, la panya wa Mbeya aliowala mahabusu akawaona hawana chumvi. Abiria wa pembeni yangu alihamia kiti kingine.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja, hata nyumbani sijafika. Baraza imejaa, siku ya soko. Mwanzi hakuna. Fundi alikuwa ameinama juu ya redio ya mtu, uvimbe umeshuka, chuma chake kwenye mkaa. Watu wakaniona, wakaanza kutabasamu mapema, wakasogeana ili wasikie vizuri. Mmoja akasema, "Haya sasa, wamekutana."

Nikapaza sauti. "Wewe mla panya! Nimekuachia wachache Mbeya, umewasahau!"

Fundi akageuka. Akaweka chuma chini. Akasimama wima kabisa, akapangusa mikono kwenye suruali, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama unavyomsalimia mkwe.

"Karibu, ndugu. Pole sana na safari."

Watu walingoja. Mimi pia nilingoja. Nikadhani anavuta pumzi ya kutukania.

"Mama," akaita ndani, "mgeni amefika, lete kigoda." Kisha akawaambia wateja, "Mpisheni ndugu akae, ametoka mbali."

Mke wake akatoka na kigoda, akakipangusa kwa upande wa kitenge, akakiweka karibu na miguu yangu, akapiga goti kidogo. Hakuniangalia usoni. Wale watu wa sokoni mmoja mmoja wakaanza kukumbuka shughuli zao. Kwa sauti ndogo, ya kuomba kabisa, nikasema, "Mla panya."

"Ndiyo, ndugu," akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

Nikaketi. Nimekaa na wale maafisa, nimekaa siku tisa mle ndani, lakini jasho la pale barazani sijawahi kulitoa mahali pengine. Akalehemu, akapuliza, akafunga skrubu moja moja, akaiwasha redio ya watu, ikakoroma tu kwa sababu waya wa juu haupo, akaizima. Mimi bado nimekaa kwenye kile kigoda. Mtani akikutukana unajua namna ya kuondoka, unamtukana na wewe unakwenda. Aliyekukaribisha kwa heshima vile sikujua anaagwaje.